Sentensi Moja Iliyokataliwa Mto Sepik

Jumapili, 5 Machi 2017. Mvua ya mawe ilianza mchana hapa Yeoville, Johannesburg, mawe makubwa kama njugu mawe, yakamtobolea turubai mama anayeuza nyanya mbele ya jengo letu. Kufika jioni mbingu ilikuwa safi, kama haihusiki.

Siku hiyo ndiyo niliyoondoka. Naandika haya kwa sababu mmeniuliza wengi, kila mmoja nimempa kipande, na vipande vimeanza kuungana vibaya. Nimesikia kwamba nilikwenda Guinea ya Conakry kuuza simu. Nimesikia pia kwamba nimefukuzwa kazi. La kwanza si kweli. La pili nitalieleza kwa haki kadiri ninavyoweza, ingawa elimu yangu ni ya darasa la saba, Tanga, na mambo mengi nimeyaelewa wenzangu wakiwa wameshaondoka.

Johannesburg mpaka Singapore

Kwa wasiojua, nafanya kazi katika studio ndogo ya kurekodi sauti, Newtown. Kabla ya hapo nililinda geti la jengo moja Marshalltown. Mwenye studio, Sbu, alikuwa akipita pale kila siku, akanisikia nikiwafokea madereva wanaoegesha mlangoni, akasema sauti kama ile isipotee bure. Ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa.

Kazi yetu kubwa ni hadithi moja. Shirika la afya la ng'ambo limeandika kisa cha mama mjamzito, na linataka kisikike redioni kwa lugha nyingi, hasa zile zisizo na vitabu. Mama anaumwa kichwa, miguu inavimba, anaona vimulimuli machoni. Kisha inakuja sentensi ambayo mteja anaiita moyo wa hadithi: "Aliogopa, lakini hakumwambia mtu." Baada ya hapo mume anagundua, wanakwenda zahanati, mama na mtoto wanapona. Kiswahili chake nilikisoma mimi mwenyewe kwa mchana mmoja, na sentensi ile niliisoma kwa huzuni mpaka Sbu akatoka nje kuvuta sigara. Labda alikuwa na hamu ya sigara tu.

Sasa zamu ikafika kwa lugha ya vijiji vichache kando ya mto Sepik, Papua New Guinea. Mtaalamu wa lugha, mama mmoja wa Kiaustralia, angetafsiri pamoja na wenyeji. Mimi ningeshughulika na mitambo. Sbu alinieleza hali bila kuzunguka. Studio haikuwa na mteja mwingine. Rekodi ikikataliwa, yeye hana kazi ya kunipa, na geti la Marshalltown bado linatafuta mtu.

"Leta hadithi nzima," akasema. "Na ile sentensi, usirudi bila yake."

Kwenye ndege nilikaa na mzee mzungu wa Kiafrikana anayekwenda kuwaona wajukuu Auckland. Aliniuliza nafuata nini huko niendako. Kiingereza changu ni cha getini, kina maneno mengi ya kuzuia na machache ya kueleza, nikamwambia nawapelekea watu ujumbe. Akanitazama kwa heshima mpya. Tangu hapo akaniita mchungaji na kunipa biskuti zake. Tulipovuka bahari ndege ikatikisika vibaya, mzee akanishika mkono akaniomba nimwombee. Nilitaka kumsahihisha, lakini wakati haukuwa mzuri. Nikasoma Fatiha kimoyomoyo, nikamaliza kwa kutikisa kichwa, naye akasema amina. Ndege ikatulia. Singapore tuliagana kwa machozi, yake.

Port Moresby, au kungoja

Port Moresby, mji mkuu wa kule, nilikutana na yule mtaalamu wa lugha akiwa amelala hotelini, mguu juu ya mito mitatu. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi usiku wa kuamkia siku ile. Aliomba radhi sana, kama kwamba ameteguka kwa makusudi. Akaniambia tafsiri imeshaandaliwa na mwalimu mstaafu wa kijiji kile, anaitwa Paulus, kwa hiyo mimi niende tu, nirekodi, mambo ni mepesi. Namtetea: kwa yale aliyoyajua, yalikuwa mepesi.

Ndege ya kwenda Wewak, mji wa karibu na mto, ikasogezwa mbele, halafu ikasogezwa tena. Watu walikaa sakafuni na mizigo yao, hakuna aliyefoka. Mimi nilizunguka-zunguka kama mtu mwenye cheo. Nje ya jengo akina mama walikuwa wakiuza popoo, na moyo wangu ukafurahi, kwa sababu popoo na chokaa tunavijua Tanga, bibi yangu hakukosa tambuu kwenye harusi hata moja. Nikanunua, nikatafuna kwa kujiamini. Ya kwao ni kali kuliko ya bibi. Kichwa kikazunguka, jasho likanitoka, nikatema mate mekundu mahali ambapo, kumbe, kuna bango la kukataza.

Mlinzi wa geti akanijia. Alinifokea kwa lugha nisiyoijua, sauti inatoka tumboni, haina haraka, inapanda mwishoni. Niliaibika, lakini kusema kweli nilimsikiliza pia kama mtu wa fani. Yule bwana anajua kazi.

Wewak na barabara ya kwenda mtoni

Paulus alikuwa ananingoja Wewak. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amemtarajia mama wa Kiaustralia. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema kwa Kiingereza cha darasani, safi kuliko changu:

"Tulimngoja mama. Umekuja wewe. Sawa."

Kwenye lori la kwenda mtoni abiria wote walidhani natoka Bougainville, kisiwa cha kwao ambako watu ni weusi kama mimi. Paulus aliwaambia natoka Afrika. Mama mmoja akacheka akasema watu wa Bougainville wana utani sana. Sikubishana naye. Nilikuwa nimeshakuwa mchungaji. Kuwa mtu wa Bougainville haikuwa hatua kubwa.

Lori likanasa kwenye tope kabla ya daraja. Wanaume wakashuka wakalizunguka, wakakaa chini. Nikauliza tunangoja nini. Paulus akasema tunangoja lori lingine linase nyuma yetu, ndipo watu watatosha kusukuma yote mawili. Nilidhani ni mzaha. Lori la pili lilipokuja, likanasa, na tukayasukuma yote mawili. Wakati huo wa kungoja akina mama walikaanga chapati za sago, unga unaotolewa ndani ya shina la mti, wakatugawia na samaki wa kopo. Sago ni kama muhogo uliosahau ladha yake. Nilikula tatu. Njiani Paulus alieleza kwamba mkewe ndiye atakayesoma hadithi; wanawake wa kijiji wamemchagua, anaitwa Regina. Alisema jina hilo akatazama pembeni, na mimi mara moja nikaamua kwamba hawaelewani. Nawaandikia hili ili mjue nilivyokuwa mwepesi wa kuamua.

Mtoni

Mtumbwi wa injini ulitupeleka mto ukiwa umefurika mpaka ndani ya misitu. Kijiji kimesimama juu ya nguzo, na Machi maji yanapita chini ya sakafu, unasikia samaki wakigonga mbao ukiwa umekaa.

Walinikaribisha kwa nguruwe. Walikuwa wamemchinja kwa ajili ya yule mama wa Kiaustralia, na sasa nguruwe alikuwa wangu. Nikamwambia Paulus taratibu kwamba mimi simli, sisi kwetu hatumli, baba yangu hakumla wala babu yangu. Nilikuwa tayari kueleza dini. Paulus akawageukia watu akawatafsiria, na wote wakaitikia kwa sauti ya chini, kama watu waliopata habari njema. Mzee mmoja akaja akanishika bega.

"Anasema ungesema mapema," Paulus akaniambia. "Ukoo wa Regina pia hawamli. Nguruwe ni babu yao. Kumbe na wewe ni wa ukoo wao."

Nikasema hapana, kwetu si babu, ni haramu. Paulus akafikiri, akatafsiri. Yule mzee akajibu kwamba ndiyo, kumla babu yako ni haramu.

Niliachia hapo. Nikapewa samaki pamoja na Regina na ndugu zake upande mmoja wa moto, na tangu siku ile Regina, mama wa makamo mwenye sauti nzito ya taratibu, akaniita kaka. Wale wa upande wa pili walikula nguruwe, na ninakiri harufu yake ilikuwa nzuri.

Kijijini, kwenye darasa la zamani

Turekodi wapi, ndilo lililokuwa tatizo la kwanza. Mvua ikipiga bati, kazi inasimama. Mvua ikiacha, majogoo. Majogoo wakichoka, injini ya mtumbwi. Tukatundika mablanketi ndani ya darasa alilofundisha Paulus, nikaweka maiki katikati, tukawa tunaiba kimya kidogo kidogo.

Regina alisoma vizuri. Lugha yao wanaiita "mdomo wetu", na sikujua neno hata moja, lakini mtu anayesoma vizuri unamjua. Kichwa kikauma, miguu ikavimba, vimulimuli vikaja. Nikahesabu sentensi nikilinganisha na karatasi yangu ya Kiingereza, nikaona wameruka moja. Nikasimamisha.

"Hatukuruka," Paulus akasema. "Haimo."

Nikamwonyesha kwa kidole: aliogopa, lakini hakumwambia mtu.

"Nimeiona. Kama hakumwambia mtu, aliyeandika amejuaje?"

Nikasema ni hadithi, mwandishi anajua.

"Amejuaje?"

"Ametunga, mwalimu."

"Basi ametunga maneno juu ya moyo wa mama mgonjwa."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Paulus akanieleza kwa uvumilivu wa mtu aliyefundisha maisha yake yote. Kwao, kilichomo kifuani mwa mtu hakisemwi na mwingine mpaka mwenyewe akiseme. Si kwamba hawajiulizi. Hujiuliza kama sisi. Lakini kukitamka ni kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Mtoto akilia, husemi ana njaa, unasema analia. Katika mitihani ya serikali, akasema, kila mara lilikuwepo swali la namna hii: sungura alijisikiaje? Wanafunzi wake wote waliliacha wazi, miaka nenda rudi, na wakaguzi wakaandika kwamba mwalimu hafundishi ufahamu.

Tukajaribu njia nyingine. Tukaweka "alikaa kimya". Tukaweka "alitazama chini". Hizo Paulus alizikubali, kwa sababu kila mtu angeweza kuziona. Lakini moyo wa hadithi ulikuwa haumo, na mimi nilijua Sbu anataka nini.

Simu inashika mahali pamoja tu, katikati ya mto kwenye kona, mtumbwi ukiwa umeshikwa kwa kamba. Nikampigia. Sbu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama neno la kuogopa ninalo mahali pengine kwenye rekodi. Nilikuwa nalo, mwishoni Regina anawaambia akina mama wasiogope zahanati.

"Likate, ulibandike panapotakiwa," akasema. "Ukimaliza nani atajua?"

Msimwone Sbu mwizi. Studio nzima inaishi kwa kukata na kubandika. Tumeshamtolea mchungaji mmoja kikohozi cha ibada nzima na akashukuru. Nikamwambia sharp, yaani sawa. Kuna wakati nilijiona mwaminifu kwa kuwa sikufanya, lakini ukweli ni kwamba sikuijua lugha, ningeweza kulikata neno kiunoni. Ilinibidi nimwombe Regina anionyeshe linapoanzia. Kwa hiyo nikalazimika kumweleza nataka kufanya nini.

Regina alisikiliza, akauliza jambo kupitia Paulus: sauti itakuwa yake? Nikasema ndiyo.

"Basi watu wa mto mzima watasikia Regina ameingia moyoni mwa mwanamke mwingine," Paulus akatafsiri. "Anasema, kaka, hapa wanaofanya hivyo wana jina." Akasita kulitafsiri jina hilo. Nikamwambia nadhani nimeelewa. Kwetu pia wana jina, na watu wamefukuzwa kijijini kwa ajili yake.

Regina akauliza kama yule mama wa kwenye hadithi yupo. Nikasema hayupo, ni wa kutungwa. Nje jogoo akawika, tukangoja amalize. Nilikuwa sijazima mtambo, si kwa ujanja, nilikuwa nawaza geti. Kisha Regina akaisogelea ile maiki, akaanza kusema bila karatasi, na Paulus aliyekaa nyuma yake akawa ananitafsiria polepole, kama alivyozoea.

"Anasema mimba ya kwanza kichwa kilimuuma. Anasema miguu ilijaa. Anasema aliona vimulimuli, akidhani ni wadudu, akiwapunga kwa mkono." Alitafsiri vizuri, kwa Kiingereza chake cha darasani. "Anasema ali—"

Akanyamaza hapo.

Regina aliendelea mpaka mwisho wa sentensi yake, akasimama. Paulus hakutafsiri. Alikuwa anautazama mgongo wa mkewe. Mtoto wao wa kwanza, niliambiwa baadaye na mwingine, alizaliwa hana pumzi. Siku ile Paulus alikuwa darasani hapo hapo, anasahihisha mitihani.

Akamwuliza mkewe neno fupi kwa mdomo wao. Mkewe akamjibu neno fupi. Hakuna aliyenitafsiria, na sikuuliza. Kisha Regina akaigeukia tena ile maiki, akasema kitu cha mwisho, na hicho Paulus alinipa, sauti yake ikiwa imepungua:

"Anasema, usimngoje mumeo agundue. Mume hagundui. Mwambie."

Nikauliza kama nifute yale maneno yao mawili ya katikati. Wakashauriana. Paulus akasema Regina anataka yabaki.

Kurudi

Safari ya kurudi haina mengi. Kabla sijaondoka, vijana na wazee walijipanga na simu zao ili niwawekee rekodi kwenye kadi za kumbukumbu, na mtumbwi ulionipeleka ulikuwa unaicheza kwa sauti ya juu kushinda injini. Vijiji viwili tulivyopita walitupigia kelele tusimame wasikie tena. Wewak nikamtumia Sbu rekodi kwa intaneti, nikamsimulia mtaalamu wa lugha kwa simu. Yeye akaongea na Paulus, akamtumia mteja tafsiri ya kila neno, isipokuwa yale mawili. Port Moresby ndege haikuchelewa, jambo lililonitia wasiwasi.

Nilifika Johannesburg Ijumaa asubuhi, nikaenda Newtown moja kwa moja na begi langu. Sbu alikuwa ameshapata jibu la mteja. Mteja hakuwa mkali. Alisema masimulizi ya mama yanagusa, lakini si hadithi iliyokubaliwa. Mume anatakiwa agundue. Na ile sentensi iwekwe kama ilivyoandikwa. Nisiwe mwongo, ilikuwa sentensi nzuri, niliisoma mwenyewe. Sbu alikuwa ameshafungua rekodi kwenye kompyuta, neno la kuogopa ameliwekea alama. Kumbe neno linaonekana kirahisi, ukipewa na mtaalamu.

"Kaa hapa ukate," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwepo."

Nikabaki nimesimama. Nikasema sauti ile ni ya Regina, na yeye mwenyewe alikataa ikatwe hivyo. Nikasema, kama ni kukata, akate mwingine, mimi nipo tayari kurudi getini. Nilisema kwa sauti ndogo kuliko ninavyoisimulia sasa.

"Eish, Saidi."

Akaicheza rekodi tangu mwanzo, macho kwenye dirisha. Ikafika pale Paulus aliponyamaza katikati ya neno, halafu yale maneno mawili mafupi, la mume na la mke. Akairudisha. Akaicheza tena.

"Hapa waliambiana nini?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Akafuta ile alama, akamwandikia mteja barua fupi, akanisomea: hii ndiyo hadithi tuliyopewa na watu wenyewe, kando ya mto inasikilizwa tayari, hatutaongeza neno. Akaituma mbele yangu.

"Wakikataa tutakuwa wawili pale Marshalltown," akasema. "Mimi sina sauti, nitafungua geti tu. Jumatatu njoo kazini."

Huo ndio ukweli wote kuhusu kufukuzwa kwangu. Mteja hajajibu.

Nyumbani mke wangu, Furaha, alikuwa jikoni. Nikamsimulia yote nimekaa kwenye ndoo, na binti yetu Zuhura akisikiliza mlangoni, anaelewa kila neno na kuuliza kwa Kiingereza. Nilipomaliza Furaha akauliza, kwa Kiswahili chake cha Bukavu:

"Sasa huyo bosi anawaza nini juu yako?"

Siku nyingine ningekuwa na majibu matatu. Nikamwambia amesema niende Jumatatu, zaidi ya hapo sijui.

Akakoroga sufuria, hakunitazama.

"Na miye niliogopa," akasema. "Zile siku simu yako haikulia. Sikuambia mutu."

Mimi muda wote kule mtoni nilikuwa na hakika kwamba amepumzika kutokana na kelele zangu. Nikamwambia nimesikia. Zuhura akaingia akachukua sahani bila kuambiwa. Tulikula fufu, ugali wa kwao, na sombe, kisamvu chenye mawese na dagaa, na pilipili pembeni; Furaha aliniongezea mara mbili, na mimi nikala.